Maswali ya wasomaji: Kutafuta na kuingia katika majaribio ya tiba ya saratani ya utumbo mpana

Barua nyingi za mwezi huu zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: mgonjwa wa saratani ya utumbo mpana au ya puru anayeishi Nairobi anafikaje kwenye jaribio la tiba, na akifika, ajihadhari na nini? Tumechagua barua tisa. Majina ya walioandika tumeyaacha nje kwa heshima yao.

Baba yangu ana miaka 61. Saratani ya utumbo mpana ilipogunduliwa ilikuwa tayari imefika kwenye ini. Alipewa kemo ya FOLFOX, ikamsaidia kwa miezi kadhaa, lakini skani ya juzi inaonyesha madoa ya ini yanakua tena. Nimesikia kuna majaribio ya dawa mpya. Nianzie wapi? – Binti, Kayole

Pole sana, binti yetu. Anzia kwenye faili ya baba, intaneti itafuata. Ukiandika jina la ugonjwa peke yake kwenye simu utaletewa mamia ya tafiti, nyingi zisizomhusu, na utachoka kabla hujafika kwenye ile moja inayomfaa. Majaribio ya siku hizi huchagua watu kwa alama za kijeni za uvimbe, dawa walizokwisha kupewa, na nguvu walizonazo mwilini. Bila habari hizo, hata mtafiti mwenye nia njema hawezi kukujibu.

Tafuta kwanza ripoti ya patholojia. Je, imetaja alama hizo za kijeni: KRAS, NRAS, BRAF, HER2, na MMR au MSI? Kama haijataja, hapo ndipo kazi ilipo. Karibu wagonjwa 4 kati ya 10 huwa na mabadiliko kwenye jeni ya KRAS, na kwao dawa za cetuximab na panitumumab hazifanyi kazi. Lakini wenye badiliko liitwalo KRAS G12C wana dawa zao, baadhi zimekwisha kuidhinishwa Marekani na nyingine bado zinatafitiwa. Badiliko la BRAF V600E hupatikana kwa takriban mtu 1 kati ya 10 wenye ugonjwa uliosambaa, nao pia wana tiba yao. Kasoro ya MMR, yaani seli zikikosa uwezo wa kurekebisha makosa ya DNA, ni nadra katika hatua ya 4, yaani ugonjwa ukishasambaa, kama watu 5 kati ya 100, lakini kuikosa ni hasara kubwa. Utafiti wa KEYNOTE-177 uliotangazwa mwaka 2020 uliwahusu watu 307 wa aina hiyo: waliopewa pembrolizumab, dawa inayoamsha kinga ya mwili ipigane na saratani, walikaa wastani wa miezi 16.5 kabla ya ugonjwa kusonga mbele, na waliopewa kemo miezi 8.2.

Vipimo hivyo hufanywa kwenye bloku, yaani kile kipande cha uvimbe kilichohifadhiwa ndani ya nta baada ya biopsi au upasuaji. Bloku hukaa katika maabara iliyotoa ripoti ya kwanza. Nenda na barua ya daktari na namba ya maabara iliyo kwenye ripoti, uombe bloku yenyewe au slaidi 10 hadi 20 zisizopakwa rangi. Kipimo cha MMR huangalia protini nne (MLH1, MSH2, MSH6 na PMS2), na maabara kubwa za patholojia hapa Nairobi hukifanya. Vya jeni mara nyingi hutumwa nje ya nchi, kwa hiyo ulizia muda wa majibu kabla ya kulipa.

Kinachoharibu bloku hutokea mapema, siku ileile ya biopsi. Kipande kinatakiwa kiingizwe mara moja kwenye fomalini ya asilimia 10 iliyosawazishwa asidi yake, iwe nyingi mara kumi kuliko kipande chenyewe, na kikae humo saa 6 hadi 72. Hapa kwetu familia mara nyingi hukabidhiwa mkebe waupeleke maabara wenyewe, na mkebe ukakaa kabatini wiki nzima pesa zikitafutwa. DNA hukatikakatika, na kipimo cha jeni kikarudi bila jibu. Kama pesa hazijatimia, peleka mkebe hata hivyo, uwaombe waanze kukitayarisha kipande ndani ya nta. Malipo ya vipimo vya ziada yanaweza kufuata.

Baada ya bloku, andika kwenye karatasi moja historia ya matibabu: kila dawa, tarehe ya kwanza na ya mwisho, mizunguko mingapi, na kwa nini iliachwa. Kuna tofauti kubwa kati ya dawa iliyoachwa kwa sababu uvimbe ulikua na dawa iliyoachwa kwa sababu vidole vilikufa ganzi. Chukua pia CD ya CT skani, maana ripoti peke yake haitoshi. Watafiti hupima uvimbe wenyewe: kwa kawaida wanahitaji doa la angalau milimita 10, au tezi ya limfu ya milimita 15 ikipimwa upande wake mfupi, na picha isiwe imepita siku 28 siku ya kuanza.

Kisha damu. Viwango hutofautiana, lakini ukiona hivi baba yuko karibu na mlango: himoglobini 9 au zaidi, neutrofili (aina ya chembe nyeupe za damu) 1.5, chembe za kugandisha damu 100, bilirubini isiyozidi mara 1.5 ya kiwango cha juu cha kawaida, na vimeng'enya vya ini ALT na AST visivyozidi mara 5 kwa kuwa saratani imo ndani ya ini. Baadhi ya majaribio hukataa himoglobini iliyopandishwa kwa kuongezewa damu siku chache kabla ya kipimo, kwa hiyo tarehe ya kuongezewa nayo iandikwe. Mwisho ni kipimo cha nguvu kiitwacho ECOG. Majaribio mengi huchukua 0 na 1 tu: mtu anayejitegemea na anaweza kazi nyepesi. Aliyeshindwa kufanya kazi lakini bado anajihudumia ni 2, na milango huanza kufungwa. Ndiyo maana tunasihi familia zisingoje hadi mgonjwa ashindwe kuinuka.

Jambo jingine, nalo lisiachwe: ulizia kama picha za ini zimeonwa na daktari anayepasua ini. Madoa machache yaliyo mahali panapofikika huweza kukatwa, na kwa baadhi ya wagonjwa hiyo ndiyo njia ya kupona. Omba kesi ya baba ipelekwe kwenye kikao cha pamoja cha madaktari wa upasuaji, kemo, mionzi na picha. Ni aibu kumtafutia mtu dawa ya majaribio ng'ambo kabla swali hilo halijaulizwa hapa.

Nimejaribu kutafuta kwa simu lakini tovuti zote ni za Kiingereza na nimepotea. Nibonyeze wapi? – Fundi, Kariobangi

Kuna sajili mbili za kuanza nazo, kaka, zote za bure. Moja ni ClinicalTrials.gov ya Marekani, iliyofunguliwa mwaka 2000. Nyingine ni sajili ya Afrika nzima, PACTR, inayoendeshwa kutoka Afrika Kusini. Utafiti ulio kwenye sajili ya kwanza una namba inayoanza na NCT na tarakimu nane. Wa pili huanza na PACTR. Namba hiyo ndiyo kitambulisho cha utafiti. Iandike kila unapopiga simu au kutuma ujumbe.

Kwenye ClinicalTrials.gov, kisanduku cha ugonjwa andika "colorectal cancer". Rudia kwa "colon cancer", na tena kwa "rectal cancer", maana kila mtafiti huandika anavyopenda. Usisahau "solid tumor": majaribio mengi ya dawa mpya huchukua saratani za aina kadhaa kwa pamoja, na neno colorectal huenda lisionekane kwenye kichwa chake. Kisanduku cha nchi weka Kenya. Kwenye hali ya utafiti chagua "Recruiting", maana yake wanapokea watu sasa, na "Not yet recruiting", yaani wako karibu kuanza. Ukipata kitu, shuka hadi kwenye masharti ya kuingia na ya kuzuiwa, ulinganishe mstari kwa mstari na ile karatasi ya historia.

Angalia mambo mawili ambayo wengi huyaruka. Tarehe ya mwisho ya kusasishwa: ukurasa usioguswa kwa miaka miwili huenda ni wa utafiti uliokwisha. Na orodha ya vituo: utafiti unaweza kuwa wazi kwa jumla lakini kituo cha Nairobi kikawa kimefungwa au bado hakijafunguliwa. Hali ya kila kituo huandikwa kando ya jina lake.

Utafutaji wa Kenya peke yake huleta tafiti chache, na baadhi si za dawa bali za uchunguzi wa mapema au za mwenendo wa ugonjwa. Usikate tamaa hapo. Uliza ana kwa ana pia, kwa sababu tafiti ndogo hujulikana hospitalini kuliko kwenye simu: kitengo cha utafiti katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Hospitali ya Chuo Kikuu cha Kenyatta kule Kahawa, Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan kule Parklands, na KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba. Swali lako liwe fupi: "Je, kuna utafiti wa saratani ya utumbo mpana unaopokea wagonjwa sasa, au unaotarajiwa kufunguliwa miezi michache ijayo?"

Ukiandikia kituo, ujumbe wa kwanza usizidi ukurasa mmoja: umri, aina na hatua ya ugonjwa, tarehe ya kugunduliwa, alama za kijeni, dawa zilizotumika na tarehe zake, ECOG, matokeo ya damu ya karibuni, na namba ya utafiti. Usitume jina kamili wala namba ya kitambulisho. Hayo huja baadaye, ukishajua unaongea na nani. Usipojibiwa kwa wiki moja, piga simu. Ugonjwa haungoji barua pepe.

Mume wangu ana uvimbe wa puru, hatua ya 3. Hataki mfuko wa stoma, ule wa kinyesi unaobandikwa tumboni. Amesoma kuhusu dawa iliyomaliza uvimbe kwa wagonjwa wote bila upasuaji, na sasa anataka kungoja utafiti kama huo uje Kenya. – Mke, Ongata Rongai

Dada, habari hiyo ni ya kweli, lakini haikuelezwa yote. Dawa ni dostarlimab. Hospitali ya Memorial Sloan Kettering ya New York ilitangaza mwaka 2022 kwamba wagonjwa 12 wa kwanza waliomaliza miezi sita ya dawa hiyo, kila wiki tatu, hawakubaki na uvimbe unaoonekana. Mwaka 2025 idadi ya wenye saratani ya puru ilifika 49, wote na matokeo hayohayo. Ila wote walikuwa na kasoro ya MMR niliyoitaja kwenye jibu la Kayole, na kwa saratani za puru hiyo hupatikana kwa watu 5 hadi 10 tu kati ya 100.

Kwa hiyo hatua ya wiki hii ni moja: biopsi aliyokwisha kufanyiwa ipimwe zile protini nne. Ikiwa kasoro ipo, mazungumzo yote yanabadilika na daktari wake lazima ajue kabla ya mionzi kuanza. Ikiwa haipo, asingoje. Hatua ya 3 inaweza kuponywa kwa tiba iliyopo. Uvimbe ukisambaa wakati anangoja, nafasi hiyo inapotea na haitarudi.

Kuhusu mfuko, mweleze hivi. Utafiti wa OPRA wa Marekani uliwapa watu 324 mionzi na kemo yote kabla ya upasuaji. Wale ambao uvimbe ulitoweka hawakupasuliwa bali walifuatiliwa kwa karibu sana, na karibu nusu ya washiriki walibaki na puru yao. Dawa zenyewe si ngeni: mionzi, capecitabine au 5-FU, na oxaliplatin. Kinachohitajika ni nidhamu ya ufuatiliaji, maana uvimbe hurudi zaidi ndani ya miaka miwili ya mwanzo: daktari aingize kidole na kamera kila miezi michache, pamoja na MRI. Asiyeweza kurudi kliniki kwa uhakika asichague njia hiyo. Muulize daktari wa upasuaji waziwazi pia kama stoma anayoizungumzia ni ya muda au ya kudumu. Nyingi ni za muda tu, na wagonjwa hawaambiwi mapema.

Je, naweza kupewa vidonge bandia huku saratani inanimaliza? – Msomaji, Eastleigh

Kwa saratani yenye tiba inayojulikana, kamati ya maadili haitakubali uachwe na kidonge kisicho na dawa peke yake. Mpangilio wa kawaida ni huu: kundi moja hupewa tiba ya kawaida pamoja na dawa mpya, jingine tiba ileile pamoja na kidonge kisicho na dawa. Kompyuta ndiyo huamua nani aende wapi, daktari hachagui. Kidonge bandia peke yake huweza kutumika pale ambapo bila utafiti usingepewa chochote, kwa mfano baada ya tiba zote kumalizika, na fomu lazima iseme hivyo. Uliza: "Nikiwekwa kundi la pili, nitapata nini hasa?"

Kwa nini tukubali kufanywa panya wa maabara? Wazungu wajaribu dawa zao kwao. – Mzee, Dagoretti

Mzee wetu, hofu yako ina msingi. Mwaka 1996 kule Kano, Nigeria, watoto walipewa dawa ya majaribio wakati wa mlipuko wa homa ya uti wa mgongo, na suala la kama wazazi waliridhia likaishia mahakamani kwa miaka mingi. Ndiyo sababu leo utafiti wa dawa nchini Kenya hupita milango kadhaa: kamati ya maadili ya taasisi, Bodi ya Famasia na Sumu, na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi. Wenye utafiti wanapaswa kumkatia mshiriki bima ya madhara yake. Una haki ya kuomba uonyeshwe vibali hivyo, na tarehe zake.

Lakini kutoshiriki nako kuna gharama, na mfano wake umo kwenye dawa ambazo watu wetu wanapewa kila siku. 5-FU na capecitabine huvunjwavunjwa mwilini na kimeng'enya kiitwacho DPD. Mwenye upungufu wake anaweza kuuawa na dozi ya kawaida. Nchi nyingi za Ulaya hupima upungufu huo kabla ya dozi ya kwanza, lakini kipimo cha jeni kilichozoeleka huko hutafuta mabadiliko manne yaliyotambuliwa hasa kwa watu wa huko. Badiliko jingine, c.557A>G, hupatikana zaidi kwa watu wenye asili ya Kiafrika, na kipimo cha manne hakilioni. Mgonjwa wa Dagoretti anaweza kuambiwa yuko salama na kumbe hayuko. Kasoro kama hiyo huonekana pale tu Waafrika wanapokuwa ndani ya tafiti. Kwa wasomaji walio kwenye kemo hizo: ukipata kuhara kusikokoma, vidonda vya mdomo vikali au homa katika siku chache za kwanza, acha vidonge na ukimbie hospitalini siku hiyohiyo.

Nina virusi vya UKIMWI, natumia ARV vizuri. Nimeambiwa nisijisumbue kutafuta. – Msomaji, Mathare

Jisumbue, ndugu yetu. Zamani karibu kila utafiti wa saratani uliwazuia wenye HIV. Mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa mwongozo kwamba wasizuiwe bila sababu ya kitabibu, na masharti yamekuwa yakilegezwa. Utaulizwa wingi wa virusi, idadi ya CD4 (350 au zaidi hukubalika mara nyingi), na dawa unazotumia.

Wengi hapa hutumia kidonge cha ARV kiitwacho TLD, na hapo kuna mtego mmoja wa kujua. Dolutegravir iliyomo hupandisha kiasi kreatinini ya damu, taka inayotumika kupima figo, bila kuziumiza, kwa sababu huzuia njia moja ya kuitoa kwenye mkojo. Ukikosa nafasi kwa sababu "figo hazifiki kiwango", omba figo zipimwe kwa njia nyingine, kwa mfano kwa kipimo cha damu cha cystatin C. Na usiache ARV ili uingie kwenye utafiti. TLD ina tenofovir, ambayo pia huzuia hepatitisi B. Kama una hepatitisi B na ukaiacha katikati ya kemo, ini linaweza kuwaka.

Nimepewa fomu ya ridhaa ya kurasa nyingi na kuambiwa niitie sahihi leo. Nisome nini? – Mwalimu, Kasarani

Usitie sahihi leo, mwalimu. Nenda nayo nyumbani. Ni haki yako. Omba nakala ya Kiswahili kama hiyo ndiyo lugha unayoielewa vizuri zaidi. Asiyejua kusoma husomewa mbele ya shahidi asiye mfanyakazi wa utafiti, kisha huweka kidole gumba.

Tafuta kwanza awamu. Awamu ya 1 hutafuta dozi na usalama kwa watu wachache, na matumaini ya kufaidika ni madogo. Mtu aingie akijua hivyo. Awamu ya 2 huangalia kama dawa inapunguza uvimbe. Ya 3 hulinganisha na tiba iliyopo kwa mamia ya watu. Kisha fuata pesa. Dawa ya utafiti huwa bure, lakini nani analipa CT ya kila wiki nane, vipimo vya damu, na kitanda ukilazwa kwa madhara? Je, matibabu ya kawaida yanabaki kwa SHA (bima ya afya ya serikali) au bima yako nyingine, na wamekubali? Nauli inarudishwa kiasi gani, kwa fedha taslimu au M-Pesa, na baada ya siku ngapi? Anayekuja kutoka Machakos kila wiki mbili hataweza kuendelea bila jibu la swali hilo, na wanaoacha katikati mara nyingi huangushwa na nauli.

Soma pia sehemu ya sampuli. Damu na vipande vyako vinaenda nchi gani, vitawekwa miaka mingapi, na vinaweza kutumika kwa tafiti nyingine? Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakulinda hapo, na katika fomu nyingi unaweza kukataa matumizi ya baadaye ukabaki ndani ya utafiti. Mwisho, tafuta kama dawa itaendelea kutolewa utafiti ukifungwa huku inakusaidia. Kama fomu iko kimya, uliza na uandikiwe jibu.

Taja kila kitu unachokunywa, pamoja na mitishamba. Hakuna wa kukukemea. Baadhi ya miti hubadilisha jinsi ini linavyovunja dawa, na ini likiwaka bila sababu inayojulikana utaondolewa wewe, na dawa ya utafiti italaumiwa bure. Unaweza kujitoa siku yoyote bila kutoa sababu, na matibabu yako ya kawaida hayapaswi kuguswa. Ila waage: baadhi ya dawa zinazoamsha kinga ya mwili huleta madhara ya tezi, mapafu au utumbo miezi mingi baadaye, na lazima wajue wakufuatilie wapi.

Kuna kliniki inayodai KSh 80,000 za "kuweka nafasi" kwenye utafiti wa seli shina za saratani ya utumbo. Wameonyesha namba ya NCT. – Msomaji, Umoja

Usilipe. Utafiti halali wa dawa mpya hauuzi nafasi. Namba ya NCT si kibali: anayefanya utafiti hujisajili mwenyewe, na tovuti yenyewe hueleza kwamba kuorodheshwa si uthibitisho wa serikali ya Marekani. Itafute namba hiyo uone kama kweli ni ya kliniki hiyo na ya ugonjwa huo, kisha uwaombe barua ya kamati ya maadili na kibali cha Bodi ya Famasia na Sumu. Ipigie kamati simu kwa namba utakayoitafuta mwenyewe, si ile waliyokupa. Wakianza kusema nafasi zinaisha leo jioni, umeshapata jibu. Ripoti kwa Bodi, maana baada yako watamwendea mwingine.

Tumepata utafiti unaomfaa dada yetu kule India. Tunapanga harambee. Mnashaurije? – Familia, Donholm

Harambee ingoje mambo matatu. Kwanza, andikieni kituo na kuuliza kama wanapokea asiye mkazi. Tafiti nyingi hutaka mtu anayeweza kufika kliniki kwa saa chache akipata homa. Pili, pateni kwa maandishi kwamba faili yake imepitiwa na anafaa kuchunguzwa. Hata hivyo, uchunguzi wa mwisho hufanyika huko, na mtu huweza kusafiri akakataliwa kwa kipimo kimoja cha damu. Tatu, pigeni hesabu ya kukaa, si ya ndege: chumba na chakula vya watu wawili, viza, na vipimo visivyolipwa, kwa miezi sita angalau. Dawa huwa bure, lakini maisha ya huko mtayalipia wenyewe. Dada asafiri na bloku au slaidi, CD za picha, na ripoti zote, na mbaki na nakala.

Mkiwa bado mnangoja jibu, mwombeni daktari wake aulizie njia ya pili. Kampuni nyingi za dawa zina utaratibu wa kumpa mgonjwa dawa ambayo haijaidhinishwa, nje ya utafiti, pale tiba nyingine zimekwisha na hafai kwa jaribio lolote. Ombi hutoka kwa daktari, halitoki kwa familia, na dawa ikikubaliwa huhitaji kibali cha Bodi ili iingie nchini kwa jina la mgonjwa huyo. Huchukua wiki kadhaa, kwa hiyo lianze sasa, sambamba na barua ya India. Na kama kipimo cha MMR au cha jeni hakijafanywa, kitangulie vyote viwili: kampuni na kituo watakiulizia kwenye ujumbe wa kwanza.